Mdogo wangu, hela ya Novemba ilipitia dirishani

Mdogo wangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Unasema saluni pale Ngamiani mmeambiana kwamba Uingereza nyumba zina joto mpaka watu wanashinda na fulana mwezi wa kwanza, na kwamba kama natuma nusu tangu Novemba basi nimewasahau. Hilo la mwisho limenichoma, maana Mama naye kanyamaza, na ukimya wake naujua.

Joto lipo. Linanunuliwa. Hapa Leeds nimepanga nyumba ya matofali mekundu iliyojengwa kabla babu hajazaliwa, na gesi yake ni kama LUKU: napeleka kadi dukani, naweka paundi 20, narudi kuichomeka kwenye mita. Hata nisipowasha kitu, tozo ya siku inakatwa. Aprili 2022 Ofgem, wadhibiti wa gesi na umeme, ambao ni kama EWURA wa huku, walipandisha kikomo cha bei kwa nyumba ya matumizi ya kawaida kutoka paundi 1,277 hadi 1,971 kwa mwaka, gesi na umeme pamoja. Bei hazijarudi zilikokuwa.

Madirisha yangu ni ya mbao, ya kupandisha na kushusha, kioo tabaka moja tu. Mwenye nyumba nimemlalamikia tangu mwaka juzi, jibu lake ni "nitakuja kuangalia". Usiku mmoja nikawasha kijiti cha udi, nikakipitisha taratibu kando ya fremu. Pale fremu mbili zinapokutana, moshi uliokuwa unapanda wima ukalala, ukaingia chumbani kama kuna mtu anaupuliza kutoka nje. Nikakaa kitandani nikalia. Hela ya dawa za Mama ilikuwa inatokea hapo.

Kwa kuwa umeng'ang'ania kuja Septemba, sikia. Hita ya umeme usinunue, inakula. Nunua nailoni nyembamba ya madirisha, pakiti yangu haikufika paundi 10. Futa fremu kwa spiriti, iache ikauke kabisa (mara ya kwanza sikukausha, usiku wa manane ikabanduka yote ikaniangukia), zungushia tepu ya pande mbili, tandaza nailoni, kisha ipulizie na ile mashine ya kukaushia nywele. Inajivuta yenyewe mpaka inakaza kama ngozi ya ngoma. Hewa iliyonaswa kati yake na kioo ndiyo blanketi lako. Kwenye nyufa weka tepu ya sponji. Chini ya mlango, khanga kuukuu iliyoshonwa ikajazwa matambara. Pazia liwe zito, ila liishie juu ya rejeta, lile chuma la ukutani linalopasha chumba joto. Likiifunika, unapasha moto kioo.

Ziba kila tundu. Hapana, si kila tundu. Matundu ya hewa ya jikoni na ya karibu na boila, mtambo wa gesi unaochemsha maji ya rejeta, yaache kama yalivyo, na ununue king'ora cha kaboni monoksaidi. Ni hewa isiyo na harufu, inamaliza mtu usingizini. Jiko la mkaa ndani ya nyumba usithubutu, hata meno yagongane vipi. Na dirisha moja usilibandike: asubuhi lifungue dakika 10, najua roho itakuuma. Nyumba ikikosa hewa, pumzi zako na nguo unazoanika ndani zinageuka maji ukutani, kisha ukungu mweusi. Rochdale, mwaka 2020, mtoto wa miaka 2 alifariki kwa ukungu wa nyumba waliyopanga wazazi wake. Mchunguzi wa vifo alilisema hilo waziwazi mwaka 2022. Mimi kila nikiamka nasogeza kabati na kupangusa nyuma yake.

Kadi iliyokuwa inaisha kwa siku nne sasa inafika sita. Mwambie Mama tarehe 28 nitaongeza. Haitafika ile ya zamani, usimdanganye.

Na wewe usije. Kule una kazi, una nyumbani, una jua. Lakini ada umeshalipa, basi njoo. Kitanda kipo, tutalala wawili kwenye joto la mmoja. Njoo na vitenge vizito, masweta yako yaache. Udi nimebakiwa na vijiti vitatu na dirisha la jikoni bado sijalipima, niletee pakiti mbili.