Shangazi, nimchukue dula au mkunga?

Marahaba mwanangu, mimi sijambo. Barua yako ndefu nimeisoma yote, ngoja niifupishe ili na wenzio waelewe tunaongelea nini. Una mimba ya pili, miezi saba, unakaa Mbagala. Uzazi wa kwanza ulijifungulia hospitali ya serikali, usiku kucha uko peke yako kitandani, nesi anakuchungulia anaenda kwa mwingine, na mtoto alivyotoka ukamwaga damu mpaka ukaongezewa chupa mbili. Sasa shoga yako wa kazini kakuunganisha na dula, yani mwanamke wa kulipwa wa kukaa na wewe wakati wa uchungu, anataka laki tatu, mumeo anasema kama hela inatoka basi itoke kwa mkunga wa uhakika, watu wawili hawezi kulipa, na wewe unataka nikwambie yupi.

Mwanangu hapo hakuna wa kuchagua. Mkunga lazima, yani hilo hata halijadiliwi, dula ni nyongeza ukiwa na uwezo. Hawafanyi kazi moja hata kidogo.

Mkunga amesomea, ana leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, na yeye ndo anayepima njia, presha, mapigo ya moyo ya mtoto, anaandika kwenye ile chati ya uchungu ili aone mapema kama mambo hayaendi. Mtoto akitoka tu, ndani ya dakika moja anakuchoma sindano ya oksitosini ili mji wa mimba ujikaze, anatoa kondo la nyuma, anaangalia kama umechanika, mtoto asipolia anajua afanye nini hapo hapo. Sasa wewe uliyemwaga damu mara ya kwanza, uwezekano wa kumwaga tena ni mkubwa kuliko wa mwenzio ambaye haijawahi kumtokea, na damu ikianza kutoka hivo haitaki mtu wa kukushika mkono na kukwambia vuta pumzi, inataka dripu, dawa, na damu ya group yako iwe karibu. Kwahiyo hata huyo mkunga wa uhakika wa mumeo nina swali nae, anazalishia wapi? Kama ni zahanati yake ya mtaani haina chumba cha upasuaji wala damu, mwambie asante mama, akupe ushauri lakini kujifungua ukajifungulie hospitali. Na kliniki uwaambie ile habari ya damu iandikwe kwenye kadi, usiseme wataiona wenyewe, wengine hawafunui kurasa za nyuma.

Haya, dula. Yeye hazalishi. Kazi yake ni kuwa na wewe tu, anakukanda kiuno, anakunyanyua utembee, anakubadilisha mkao, anakupa maji, ukianza kupanic anakutuliza, nesi akisema kitu hujakielewa anakuulizia. Wengine wanakuja mpaka nyumbani baadae kukusaidia kunyonyesha. Msiwacheke, hiyo kazi ina faida ya kweli, mwaka 2017 watafiti walikusanya majaribio 26 yenye wanawake zaidi ya 15,000 kutoka nchi 17 wakakuta waliokaa na mtu wa kuwasaidia muda wote wa uchungu walipasuliwa wachache, uchungu wao ulikuwa mfupi kidogo, na wachache walibaki na kinyongo na uzazi wao. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaweka kwenye mwongozo wake kwamba kila mzazi awe na mtu anayemchagua mwenyewe. Lakini soma vizuri hapo, mtu anayemchagua, hawakusema mtu wa kulipwa. Kigoma kule kuanzia 2016 walijaribu jambo hilo kwenye vituo vya serikali, mama anakuja na mtu wake.

Na ndo maana nakuuliza, dada yako wa Chanika ana nini? Umemtaja mstari mmoja tu mwishoni kwamba kazaa wanne na ana mdomo. Mi naona huyo ndo dula wako na nauli yake haizidi elfu kumi! Mdomo sio kasoro, ila umwambie mapema haendi kugombana na manesi, anaenda kukukanda mgongo na kumwita mkunga ukisema damu imezidi. Aje kliniki na wewe mara mbili tatu wamzoee, afundishwe dalili za hatari.

Kabla ya yote lakini nenda hospitali unayotaka kujifungulia ukaulize wanaruhusu mtu leba au hawaruhusu. Hili watu wanalisahau kabisa, unalipa laki tatu siku ya siku dula wako anaishia kwenye benchi nje na wewe uko ndani peke yako kama mwanzo. Wodi nyingi za serikali vitanda vimekaribiana, pazia lenyewe wakati mwingine hakuna, mwanaume hawamruhusu kwasababu ya wamama wengine, ila mwanamke mwenzio mara nyingi wanaelewana. Usimuulize mlinzi, mtafute sista msimamizi wa wodi.

Sasa nije kwa huyo dula mwenyewe, maana kuna sentensi kwenye barua yako nimeirudia kuisoma. Amekwambia usikimbilie hospitali, atakuja nyumbani na gloves zake akupime njia, mkae mpaka ifike sentimita nane ndo mwende, na uchungu ukizubaa ana dawa ya mizizi ya kuuongeza. Mwanangu huyo mkimbie! Dula anayejua kazi yake hapimi njia, hatoi dawa, na hakuchelewishi. Hizo dawa za kuongeza uchungu hakuna anayejua kipimo chake, mji wa mimba unaweza kupasuka ukafa wewe na mtoto. Halafu uzazi wa pili mara nyingi unaenda haraka kuliko wa kwanza, sentimita nane na foleni ya Mbagala utazalia kwenye bajaji, na damu ile ikianza nani atakuchoma sindano, dereva? Udula hauna leseni kama ukunga, yeyote anaweza kuamka asubuhi akajiita dula, kwahiyo hata ukipata mwingine kitu cha kwanza muulize nini HAFANYI. Akikwambia anafanya kila kitu, muage.

Mumeo mwambie Shangazi kamuunga mkono nusu. Hiyo laki tatu aiweke, itoke ya gari la usiku na vifaa, na yeye mwenyewe atafute ndugu wawili watatu wenye afya wawe tayari kuchangia damu, na wewe vidonge vya kuongeza damu umeze kila siku hata vikikuchafua tumbo. Ikibaki chenji na dada akashindwa kuja, hapo tutafute dula wa maana, nitakusaidia kumuhoji.