Barua kwa binti yangu: usiache ukumbi kwanza

Moshi

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umehudumu miaka minane katika ukumbi wa chakula wa hoteli huko Arusha, sasa watu wa televisheni wanataka uongoze kipindi chao cha chakula na ukarimu, nawe unaniuliza kama uandike barua ya kuacha kazi.

Usiiandike kwanza. Mfano wangu ni Fred Sirieix, Mfaransa wa kazi yetu aliyezaliwa Limoges mwaka 1972, mtoto wa wauguzi, ambaye alikwenda London akiwa kijana, akahudumu meza za mkahawa wa Kifaransa uitwao La Tante Claire, na hatimaye akawa meneja mkuu wa Galvin at Windows, mkahawa uliokuwa ghorofa ya 28 ya hoteli ya Hilton pale Park Lane. Kipindi cha First Dates kilipoanza kurushwa na Channel 4, kituo cha televisheni cha Uingereza, mwaka 2013, yeye ndiye aliyesimama mlangoni kuwapokea watu wasiojuana, waliokuja kula pamoja ili waone kama watapendana. Hata hivyo hoteli hakuiacha. Aliendelea na umeneja wake hadi mwaka 2019, yaani alizishika kazi zote mbili kwa takribani miaka sita. Usingizi wake lazima ulikuwa mfupi.

Umeandika pia kwamba wenye fani ni wapishi, na kwamba sisi wa ukumbini ni wabeba sahani tu. Hapo umenikera kidogo. Nakumbuka mgeni mmoja aliyeteremka mlimani kwa njia ya Marangu, mikono ikimtetemeka kwa uchovu hata kijiko kikawa kinagonga bakuli. Mpishi alikuwa ameupika mtori vizuri sana, lakini mgeni yule hakuweza kuufikisha mdomoni, na nilimwona akitazama huku na huku kwa haya. Niliondoa bakuli bila kusema neno, nikamrudishia mtori katika kikombe chenye mkono, na mwenzake nikampelekea kikombe kama hicho, ili asijione amefanyiwa tofauti. Mpishi hakujua lolote, maana yeye alikuwa jikoni.

Watu wa televisheni wamekuona wewe ukifanya mambo ya namna hiyo, nao wanayataka mbele ya kamera. Uliyapata kwa kuandika meza na kupokea wageni wenye njaa, wenye hasira, waliochelewa kutoka Serengeti wakiwa wamejaa vumbi, wala studio haina wageni wa aina hiyo kila jioni. Tena kipindi kinaweza kufutwa baada ya msimu mmoja, ilhali nafasi yako hotelini itakuwa imeshachukuliwa na mwingine.

Kwa hiyo wapigie simu kesho, uwaulize wanarekodi siku zipi na kwa saa ngapi. Kisha mwendee meneja wako na ratiba ya zamu mkononi, umwombe akupumzishe siku hizo katika miezi ya mvua za masika, wakati wageni ni wachache na yeye mwenyewe anatafuta wa kumpa likizo.

Ni mimi baba yako.