Umepewa sanduku la karatasi za mwandishi: usilipange kwanza

Makosa makubwa ya kazi hii hufanyika siku ya kwanza, na mara nyingi anayeyafanya ana nia njema kabisa. Anafungua sanduku la marehemu, anakuta barua zimechanganyika na stakabadhi za duka, mswada umefungwa kwa kamba ya katani, bahasha tupu zimejaa chini. Anaanza kutenganisha: barua huku, hadithi kule, bahasha kwenye taka. Jioni meza inapendeza, na nusu ya habari imekwisha kupotea.

Tumchukue mwandishi Bessie Head, kwa kuwa karatasi zake zimebaki kijijini alikoishi. Alizaliwa Pietermaritzburg, Afrika Kusini, mwaka 1937, akaingia Botswana mwaka 1964 kufundisha shule huko Serowe. Ukiondoa miaka michache ya Francistown, Serowe ndiko alikokaa hadi alipofariki Aprili 1986. Aliandika riwaya, akalima bustani, akapika jamu ya kuuza, na barua ndizo zilizomuunganisha na wachapishaji na marafiki wa mbali. Barua hizo alizipiga kwa taipureta akiwa ameweka chini karatasi ya kaboni, ile yenye rangi inayonakili maneno kwenye karatasi ya pili, na nakala akazitunza. Kwa sababu hiyo, anayekwenda leo kwenye Makumbusho ya Khama III pale Serowe anaweza kusoma barua iliyokwenda na jibu lililorudi. Waandishi wengi wametuachia majibu tu, na inabidi ubahatishe walichokuwa wameuliza.

Basi hatua ya kwanza ni kupiga picha. Sanduku lilivyo kabla hujagusa kitu, kisha kila tabaka unapolifikia. Kila fungu lipe namba ya muda kwa penseli ya HB kwenye kipande cha karatasi kinachokaa nalo: sanduku 1, fungu 3. Usitumie kalamu ya wino mezani hata kidogo. Wino hupenya karatasi na haufutiki. Kama stakabadhi ya mbolea imekaa katikati ya kurasa za mswada, iache hapohapo na uiandike kwenye orodha. Huenda ndiyo pekee itakayokuambia sura hiyo iliandikwa msimu gani. Geuza kila karatasi pia. Mwandishi wa kijijini hana karatasi za kuchezea, na nyuma ya barua ya benki unaweza kukuta rasimu ya hadithi.

Mikono iwe safi na mikavu, basi. Glavu za pamba tunazoziona kwenye filamu zinaua hisia za vidole, na karatasi nyembamba ya barua za ndege inachanika kirahisi ukizivaa. Glavu za mpira za hospitali zivae unaposhika picha na negativu, yaani filamu zinazosafishiwa picha.

Nakala za kaboni zinahitaji uangalifu wa peke yake. Rangi yake imelala juu ya karatasi, haikuzama ndani kama wino, kwa hiyo kidole kikipita juu yake kinaacha doa jeusi na herufi zinafifia. Usiifute kwa kitambaa wala kifutio. Weka karatasi nyeupe tupu kati ya nakala na nakala, na usirundike mzigo juu yake. Jambo jingine ambalo wageni huwa hawalijui: nakala si barua yenyewe. Mwandishi akishaichomoa karatasi kwenye taipureta huweza kusahihisha neno kwa kalamu, akatia sahihi, akaongeza mistari miwili pembeni, na hayo yote yanakwenda kwa mpokeaji tu. Kwenye orodha andika wazi "nakala ya kaboni, haina sahihi". Kama barua halisi iko mahali pengine, taja iko wapi. Kwa mfano, barua ambazo Head alimwandikia rafiki yake Randolph Vigne zilitoka kitabuni mwaka 1991, hivyo nakala na maandishi yaliyochapwa yanaweza kulinganishwa.

Pini za stepla zilizoota kutu usizing'oe kwa ile mashine yenye meno. Laza karatasi kifudifudi, ingiza kipande cha karatasi ngumu chini ya miguu ya pini, inyanyue miguu yote miwili kwa kisu butu, kisha geuza na uivute kutoka mbele. Mipira ya kufungia noti iliyoyeyuka na kuganda isivutwe. Ikate, na kinachonata kiache. Selotepu ya zamani pia iache, maana ukiibandua inaondoka na maandishi.

Kuhusu mahali pa kuhifadhi: unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 ukungu unaanza, na kwa pwani yetu hilo ni jambo la kila masika. Maboksi yakae kwenye rafu, angalau sentimita 15 kutoka sakafuni, na yasigusane na ukuta, kwa sababu mchwa hupanda na ukuta. Karatasi zikilowa, zitandaze kivulini upepo wa feni ukipita. Ukizianika juani wino unapauka. Usipulizie dawa ya wadudu juu ya karatasi. Kama kuna mende au mayai ya wadudu, funga fungu ndani ya mifuko miwili ya plastiki isiyopitisha hewa, uliweke kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki moja hadi mbili, kisha liache nje saa 24 kabla ya kufungua. Ukifungua mapema, umande unatua kwenye karatasi na unakuwa umejiletea ukungu mwenyewe. Picha za zamani zilizopigwa juu ya vioo zisiingie friza.

Barua zisizo na tarehe ndiyo sehemu tamu ya kazi hii. Hapo ndipo utajua kwa nini tulikukataza kutupa bahasha: muhuri wa posta uko juu yake. Bila bahasha, tazama kichwa cha barua. Iliyoandikwa Bechuanaland, jina la zamani la Botswana, ni ya kabla ya tarehe 30 Septemba 1966, Botswana ilipopata uhuru, ingawa mtu mwenye karatasi za zamani huendelea kuzitumia mpaka ziishe. Bei zikitajwa kwa pula, barua haiwezi kuwa ya kabla ya Agosti 1976. Kabla ya hapo walitumia randi. Kwetu, kichwa cha Tanganyika, au stempu yenye majina ya Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja, hufanya kazi hiyohiyo. Tarehe uliyokisia iweke kwenye mabano ya mraba na alama ya kuuliza: [1966?]. Usiiandike kama uliyoikuta.

Majina nayo yana mitego. Head alizaliwa akaandikishwa Bessie Amelia Emery, na mama yake mzazi naye aliitwa hivyohivyo. Hati yenye jina hilo ikiingizwa bila kutazama mwaka, mama na binti wanageuka mtu mmoja. Kuwa mwangalifu vilevile na mwandishi anapojisimulia. Head hakuwahi kumjua mama yake, na aliyoyaandika kuhusu kuzaliwa kwake aliyapata kwa kusimuliwa na wengine akiwa binti shuleni. Kwa hiyo kwenye maelezo andika "anasema kwamba", na cheti cha kuzaliwa kitajwe peke yake kama ushahidi mwingine.

Ukija kuskani, barua ziwe dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi) na picha 600, faili kuu iwe ya aina ya TIFF, isiyopunguza ubora wa picha, na jina la faili lifuate namba ya boksi badala ya jina la mtu. Tunza nakala tatu, moja ikae jengo jingine.

Ila kuskani si ruhusa ya kuchapisha. Karatasi ya barua ni mali ya aliyeipokea, lakini maneno yaliyomo ni ya aliyeandika na warithi wake, na kwa sheria za Tanzania na Kenya haki hiyo hudumu miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa maana hiyo, sanduku la mwandishi mmoja lina wenye haki kadhaa: kila rafiki aliyemwandikia ni mmoja wao. Tena kijijini kila mtu anajulikana. Barua inayotaja ugonjwa wa jirani au mtoto wa nje ya ndoa itasomwa na wajukuu wao. Hizo zitoe kwenye faili, weka mahali pake karatasi yenye namba, sababu na mwaka zitakapofunguliwa, na uzifungie kwenye boksi la peke yake. Usizichome, hata kama familia inakusihi.