Dodoma usiweke vitabu akiba ukisubiri mvua

Mkuu, acha mara moja. Umeandika kwamba umehamia Nkuhungu kutoka Dar mwezi huu wa Agosti, umebeba maboksi mawili ya riwaya, umeyasukuma chini ya kitanda hadi mvua zianze, kwa sababu Dar masika ndiyo ulikuwa msimu wako wa kujifunika shuka na kitabu. Halafu unauliza taa gani nzuri ya kusomea na vitabu vya mitumba vinapatikana wapi. Taa ya kusomea nini? Udongo watakaokuachia mchwa?

Wazo hilohilo la kusubiri mvua nami nilipewa na jamaa mmoja wa kazini. Dodoma yake ilikuwa ya kufuata Bunge la bajeti, Aprili mpaka Juni, analala lodge, anakula nyama choma, anarudi kwao. "Tunza vitabu, mvua za kule tamu." Za Desemba alizionea wapi? Mwenye nyumba naye akaapa kuwa chini ya zege la sakafu ilimwagwa dawa ya mchwa. Labda ya kikohozi.

Basi maboksi yakakaa sakafuni, yameegemea ukuta, kiangazi kizima hakuna aliyeyagusa. Mvua ya kwanza ilipopiga nikafungua kwa mbwembwe zote. Vya juu vizima, vinang'aa. Nikashika kamusi, ile nene ya jalada gumu, ikaja nyepesi kama boflo. Ndani udongo mtupu. Kuvuta boksi, nyuma yake kuna njia ya udongo imepanda kutoka kwenye ufa wa sakafu. Mchwa hapendi mwanga. Anaingilia chini, anakula katikati, anakuachia jalada la kukutania. Riwaya nilizohangaika kuziokota kwa wauza vitabu wa barabarani pale Posta ndizo nilizipanga chini kabisa, eti zisikunjike. Mchwa wa mtaa wetu sasa hivi Kiswahili chao sanifu kuliko changu. Yule jamaa nilipompigia alicheka! Mpaka leo nikiliona jina lake kwenye simu naiacha iite.

Na hata vingepona, ningesoma saa ngapi? Huku hakuna masika na vuli. Mvua ni msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi mpaka Aprili, milimita 500 na ushee kwa mwaka, na watu wanazigombania. Wikiendi uko Bahi au Chamwino na jembe, mtama na alizeti havikusubiri umalize sura. Usiku ukiwasha taa, kumbikumbi hao, yaani mchwa walewale wameota mbawa, wanadondoka kwenye kurasa na kwenye chai.

Msimu wa kusoma Dodoma ndio huu unaoupoteza. Juni mpaka Agosti upepo unachapa, usiku baridi inashuka hadi nyuzi 13 au 14, mavuno yako ndani, saa mbili kila mtu kashajifungia na blanketi. Riwaya nene zote nazimaliza hapo. Oktoba na Novemba nyumba ya bati haikaliki, nasoma alfajiri tu chini ya mwarobaini, tena hadithi fupi.

Kwa hiyo kitabu nunua cha msimu huu, soma, kikiisha mpe mtu. Akiba hapana. Na usiniletee habari za kufunga na nailoni, wanaitoboa. Hayo maboksi bado yako chini ya kitanda? Nyanyua kwanza, ndio urudi tubishane.