Jirani Aliyenigombeza Jumapili

Kabla sijapanda ndege kwenda Leipzig, karibu kila aliyekuja kuniaga alikuwa na la kunionya kuhusu Wajerumani: watu wakavu, hawacheki, jirani yako anaweza kumaliza mwaka hajakusalimia. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuishi Ujerumani. Nami niliyabeba maneno yale yalivyo, na kila uso niliokutana nao umenuna nikasema, si nilishaambiwa.

Bibi wa ghorofa ya chini ndiye aliyenithibitishia zaidi. Jumapili moja nilitoka na mfuko wa chupa tupu kwenda kuzitupa kwenye kontena la nje. Akafungua dirisha, akanigombeza mbele ya mwanangu. Maneno sikuyaelewa hata nusu, ila ukali niliuelewa. Nilirudi ndani nikalia. Baadaye ndipo nilipojua kwamba Jumapili kule ni siku ya utulivu: hutoboi ukuta, hutupi chupa zikagongana, uwe mgeni au mwenyeji.

Februari mtoto akashikwa na homa kali, Jumapili tena. Maduka yamefungwa, dawa imeisha, niko peke yangu. Nikashuka naye begani, tukakutana na bibi yule mlangoni kwake. Hakuniuliza habari. Alimgusa mtoto kipajini, akauliza joto limefika ngapi, akaingia ndani, akatoka na kikaratasi: 116117, namba ya daktari wa zamu, na 112 hali ikizidi. Kisha akavaa koti, akaenda mwenyewe hadi duka la dawa lililokuwa zamu, akarudi na dawa na risiti. Nikamlipa, akapokea hadi senti ya mwisho. Kwetu Tanga angekataa kwanza, tukasukumana. Yeye alipokea, akaniambia nimgongee usiku wowote, hata saa 9.

Niliwaza sana kuhusu ile risiti. Niligundua nilikuwa nikiutafuta wema katika umbo la nyumbani, na usipokuja na shikamoo na kicheko sikuutambua. Baada ya hapo nikaanza kuyaona mengine. Mzee aliyeshika mbele ya kigari cha mtoto, tukakipandisha ngazi za stesheni, akaondoka kabla sijamaliza kushukuru. Glovu ya mwanangu iliyodondoka njiani, nikaikuta kesho yake imevikwa kwenye ncha ya uzio, mahali pa kuonekana. Hata ile habari ya kutosalimiana: kwa daktari, anayeingia chumba cha kusubiri huwasalimu wote waliokaa, nao humwitikia.

Sisemi ubaguzi haupo. Nimetukanwa kwenye tramu kwa rangi yangu, na iliniuma. Anayekufanyia hivyo una haki ya kumkasirikia na kumshtaki. Ninachokuomba ni usiwabebeshe kosa lake abiria wengine wote.

Wewe unayejiandaa kuondoka, jizoeze kuomba waziwazi. Sisi huzunguka: habari za nyumbani, habari za kazi, mpaka mwenzio ahisi mwenyewe kuwa una shida. Mjerumani ukimzungukia hivyo atakuacha, tena kwa heshima, akidhani hutaki kuingiliwa. Mwambie, "Nahitaji msaada, sijui fomu hii inajazwaje." Mara nyingi atavuta kiti. Na mleta vifurushi akikuachia mzigo wa jirani ambaye hayupo, upokee, kisha jioni umpelekee mwenyewe. Majirani wangu watatu nimewafahamu kwa njia hiyo.

Bibi yangu wa chini juzi amenisema tena, safari hii kwa maboksi niliyotupa bila kuyakunja. Nikayakunja, nikamuuliza mgongo wake unaendeleaje. Tulisimama pale ngazini karibu nusu saa.