Shildi Upande Mmoja: Kosa Langu la Casuarina

Juzi fundi mmoja kijana wa Watamu aliniandikia kuhusu shildi, ule wavu wa shaba ulio chini ya ganda la kebo: "Kaka, shildi niiunge na ardhi upande mmoja au pande zote mbili? Mwalimu alituambia mmoja." Nilicheka, kisha nikanyamaza. Mimi nami niliambiwa mmoja, nikaamini miaka na miaka.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo, nyumba ya wageni upande wa Casuarina, hapa Malindi. Kihisi cha maji kwenye tangi, kebo ya mita 60 chini ya mchanga mpaka paneli ya pampu. Shildi niliiunga na ardhi kwenye paneli tu. Upande wa tangi niliikata, nikaizungushia tepu nyeusi, safi kabisa. Hata picha nilipiga. Nilijiona injinia.

Masika yakaingia. Usiku mmoja radi ikapiga mnazi ulio hatua chache na tangi. Asubuhi nilipofungua paneli, harufu ya plastiki iliyoungua ilinipokea mlangoni. Kadi ya kielektroniki inayoendesha pampu ilikuwa na doa jeusi. Kule kwenye kihisi, penye tepu yangu, cheche ilikuwa imetoboa kitundu kama cha sindano.

Mwenye nyumba hakuuliza kitu. Aliniita fundi wa kubahatisha, tena mbele ya vibarua, na ujira wangu wa siku tatu sijaupata mpaka leo. Nimemsamehe. Kusahau ni jambo jingine.

Mwalimu hakukosea kote. Ukiunga upande mmoja, unazuia mvumo wa umeme wa kawaida. Lakini radi huja na uga wa sumaku unaobadilika ndani ya mikrosekunde, na shildi haiwezi kuupinga mpaka mkondo upite ndani yake kutoka ncha hadi ncha. Ukiacha ncha moja wazi, volti hujitokeza papo hapo penye ncha hiyo. Kwangu palikuwa na kihisi. Kwa hiyo, mdogo wangu, unga pande zote mbili.

Na mikia achana nayo! Kwenye paneli nilikuwa nimesokota shildi kwa waya wa nusu mita mpaka kwenye skrubu ya ardhi. Mita 1 ya waya ina induktansi, yaani ule ukaidi wa waya mkondo unapobadilika ghafla, ya karibu mikrohenri 1; mkondo ukipanda kiloampia 1 kwa mikrosekunde, hizo ni volti 1,000 kati ya ncha mbili za waya ulio mzima. Tumia kibano kinachoukumbatia wavu mzunguko mzima, kwenye bati lililokwanguliwa rangi.

Kama tangi lina fimbo yake ya ardhi na paneli ina yake, zifunge pamoja kwa waya mtupu wa shaba ndani ya mtaro uleule wa kebo. Mchanga wetu ukikauka haupitishi umeme vizuri, na chumvi ya bahari hula vibano, basi vikague. Mvumo ukikusumbua, nunua kebo yenye shildi mbili: ya nje unga pande zote, ya ndani upande mmoja. Vijana mnapiga picha kazi kabla haijanyeshewa, nawaambia kila siku.

Ile kazi ilirudiwa na fundi mwingine. Mwezi jana nilipita pale, nikachungulia kwenye tangi. Shildi imekatwa, imezungushiwa tepu nyeusi, safi kabisa.