Kadi mpya ikitoka, uliza kwanza nani anaondoka

Toleo jipya la mchezo wa kadi wa Magic: The Gathering likikaribia, kundi letu la WhatsApp hapa Mwanza halilali. Picha za kadi zinaanza kuvuja wiki kadhaa kabla, na kila picha inashuka na maneno yale yale: "Kaka, hii ni moto, hii lazima iingie." Mwaka 2025 peke yake yalitoka matoleo makubwa sita. Wewe uliyeanza juzi kujenga kyubu yako, ukifuata kila kadi yenye kiki, ukija kushtuka umejaza kisanduku vitu vizuri visivyoongea lugha moja.

Kwa wageni kabisa, niwaweke sawa haraka. Kyubu ni mkusanyiko wa kadi unaoupanga mwenyewe, kila kadi nakala moja tu. Mnauchezea kwa kupokezana: kila mtu anapata pakiti tatu za kadi 15, anafungua moja, anachagua kadi moja, anampa wa pembeni zilizobaki, hivyo hivyo mpaka ziishe. Kwenye 45 ulizokusanya unatengeneza deki ya kadi 40, kwa kawaida 23 za kuchezea na 17 za ardhi, zinazotoa mana ya kulipia hizo nyingine. Watu wanane mara 45 ni 360, na ndiyo maana kyubu nyingi zina kadi 360.

Hesabu hiyo inaonekana ya kitoto, lakini kwetu ndiyo inayoamua mambo mengi, kwa sababu sisi hatufiki wanane. Jumapili ya kawaida tunakaa wanne. Wale wa ng'ambo ya Sengerema wakivuka, tunakuwa sita, na hiyo tunaita sherehe. Watu wanne wanatumia kadi 180, yaani nusu ya kyubu inabaki kisandukuni. Kadi yoyote unayoitazama ina nusu ya nafasi ya kuonekana mezani siku hiyo. Sasa chukua kadi inayohitaji mwenzake. Splinter Twin ya 2010 ukiipachika kwa Pestermite ya 2007, mchezo umekwisha palepale, unazalisha nakala mpaka mwenzako anyooshe mikono. Bila mwenzake, ni garasa la mana nne. Kwa watu wanne, nafasi ya zote mbili kutokea jioni moja ni kama robo. Na hapo bado hazijaangukia mikononi mwa mtu mmoja. Mkiwa sita nafasi inapanda mpaka zaidi kidogo ya nusu. Kwa hiyo kadi mpya ikikuvutia, jiulize inataka wenzake wangapi ili iwe na maana, na kwenye kyubu yako hao wenzake wapo wangapi. Ikitaka kadi moja maalumu, iache. Ikitaka aina ya kadi ambayo unazo ishirini, mfano viumbe vinavyoruka au kadi zinazofaidika na kaburi, yaani rundo la kadi zilizokwisha kutumika, hapo tunaweza kuzungumza.

Baada ya hapo ndipo swali la kichwa cha habari linapoingia. Kyubu ina ukomo. Usiseme "naiongeza hii", kwa sababu hakuna kuongeza, kuna kubadilisha. Mimi huwa natoa kadi zote za rangi ile na gharama ile ya mana, nazitandaza mezani, kisha naiweka mpya katikati yao. Ni kama dirisha la usajili: ukimleta mshambuliaji, lazima useme nani anarudi benchi, na umseme kwa jina.

Wageni wengi wanakwama hapa kwa namna mbili. Wapo wasiolinganisha kabisa, wanaisoma kadi peke yake na kuipenda. Wapo pia wanaoilinganisha na ile bora kuliko zote. Kadi yoyote nyekundu ya kupiga ukiiweka pembeni ya Lightning Bolt, ambayo tangu 1993 inapiga 3 popote kwa mana moja, itaonekana takataka. Lakini Lightning Bolt haiendi popote. Anayeshindana na kadi mpya ni yule dhaifu kuliko wote wanaofanya kazi hiyo hiyo, na mara nyingi umemsahau kwa sababu hakuna anayemchagua. Mtafute huyo. Ukikuta kadi mpya inafanya kazi yake na kitu cha ziada juu, kama viumbe vyeupe vya mana moja vinavyotoka siku hizi vikiwa na nguvu 2 na uwezo fulani, wakati Savannah Lions ya 1993 ilikuwa na 2/1 tupu (nguvu 2, ustahimilivu 1), badilisha tu, hakuna kikao. Kazi ngumu ni pale mpya inapofanya kazi tofauti na ya anayeondoka. Ukitoa kiumbe cha mana mbili ukaingiza joka la mana sita, umegusa kadi moja tu kwa hesabu, lakini yule anayependa deki za kukimbia ameshapungukiwa. Ukifanya hivyo matoleo matatu mfululizo, siku moja utashangaa kwa nini hakuna anayeshambulia mapema na kila mchezo unaisha usiku.

Halafu isome kadi ukiwa unapigwa. Picha zinazorushwa kwenye makundi zinasomwa na mtu aliyeketi vizuri, mwenye mana ya kutosha na meza tulivu. Isome upya ukiwa na uhai 7, mwenzako ana viumbe vitatu, wewe huna kitu. Inakusaidia nini? Mfano ninaowapa wadogo zangu wote ni Baneslayer Angel na Mulldrifter. Zote mbili zinagharimu mana tano. Baneslayer ni 5/5 anayeruka, anapiga kwanza na kukurudishia uhai kila anapopiga. Akikaa zamu mbili, umeshinda. Mulldrifter ni 2/2 tu anayeruka, lakini akiingia unavuta kadi mbili, na ukibanwa unaweza kumcheza kwa mana tatu, ukavuta hizo mbili yeye akaenda zake kaburini. Sasa mwenzako ana Swords to Plowshares, ya mana moja. Baneslayer anaondoka, wewe umepata uhai 5 na umepoteza zamu nzima. Mulldrifter akiondolewa, kadi zako mbili unazo tayari mkononi. Sisemi Baneslayer ni mbaya, nami ninaye kwenye kyubu. Nasema uhesabu viumbe vya aina yake ulivyonavyo, kisha uhesabu kadi za kuondoa. Za kuondoa zikiwa nyingi, kila "bomu" jipya linaloonyeshwa lina thamani ndogo kwako kuliko kwa anayelishangilia.

Angalia pia kadi ilitengenezewa meza gani. Kadi nyingi za siku hizi zimelenga Commander, watu wanne kwa pamoja, kila mmoja na uhai 40 na deki ya kadi 100. Kwenye kyubu tunacheza wawili wawili, uhai 20. Kadi inayosema inamnyonya kila mpinzani inapungua nguvu, kwa sababu mpinzani wako ni mmoja. Ila lipo kundi linalokwenda kinyume. Ufalme, ule uwezo ulioingia 2016 wa kuvuta kadi ya ziada kila zamu mpaka mtu akupokonye, ulibuniwa kwa meza ya watu wengi, ambako wa kukupokonya ni wengi. Mkiwa wawili, aliye nyuma hana wa kumsaidia, na aliyeushika anakimbia nao. Uwezo wa aina hiyo uliotoka 2022, ule unaokupeleka shimoni chumba kwa chumba, ulikuwa mkali zaidi, hadi baadhi ya kadi zake zikafungiwa kwenye mashindano ya Pauper, yale ya kadi za kawaida (common) tu, mwaka huo huo. Ukiona kadi mpya yenye dalili ya meza ya wanne, isome mara mbili, kwa njia zote mbili.

Jambo moja ambalo wajenzi wa kyubu wa nje hawalizungumzii sana, na kwetu ni kubwa: maandishi. Kadi ziko kwa Kiingereza, na mezani kwetu kuna anayesoma haraka na kuna anayesoma kwa kidole. Kadi ya mistari minane inayokuja kwenye pakiti yenye kadi 15 inasimamisha watu wote. Nimeona mkono ukienda kwenye kadi mpya, ukasita, ukarudi kuchukua ile ya zamani ambayo mwenyewe anaijua kwa picha. Kadi hiyo haikushindwa kwa nguvu, ilishindwa kusomwa, na kwa kyubu yako matokeo ni yale yale. Halafu kuna kadi zinazodai vifaa: vijikadi vya pembeni, deki ndogo ya ziada, au ule mfumo wa mchana na usiku wa 2021, ambao ukishaanza mnaufuatilia mpaka mchezo uishe hata kama kadi iliyouanzisha imeshakufa. Kwa kadi moja tu? Hapana.

Kuhusu kuzipata. Kadi halisi huku zinafika kwa mkono wa mtu, shangazi wa nje au rafiki aliyepitia Nairobi, na mara nyingi toleo limeshapoa. Kwa hiyo tunajaribu kwa nakala. Nenda steshenari na faili lenye kadi tisa kwenye karatasi ya A4, tatu kwa tatu, kila moja milimita 63 kwa 88. Mwambie kijana wa pale asichague kutosheleza ukurasa, achapishe ukubwa wa asilimia 100. Asipofanya hivyo kadi zitatoka ndogo, zitacheza ndani ya slivu (kimfuko cha plastiki cha kuvisha kadi), na kila mtu ataitambua nakala kabla haijageuzwa. Karatasi ya kawaida inatosha. Unaiweka mbele ya kadi isiyo na kazi, unavisha slivu, basi. Nyeusi na nyeupe inafaa kwa majaribio, ila andika rangi ya mana kwa kalamu. Nakala hizi ni za mezani kwenu tu. Usiziuze, na usiende nazo kwenye mashindano rasmi.

Sasa kujaribu. Hapa subira inahitajika kuliko akili. Kadi ina nusu ya nafasi ya kutokea siku hiyo. Ikitokea, lazima ichaguliwe. Ikichaguliwa, lazima iingie kwenye zile 23. Ikiingia, ndani ya deki ya kadi 40 mpaka zamu ya saba utakuwa umeona kadi 13 au 14, kama theluthi tu ya deki. Anayekuambia "tuliijaribu jana, haifai" amekuambia habari za jana. Mimi nina daftari. Naandika kadi ilichukuliwa ya ngapi kwenye pakiti, na kama aliyeichukua aliicheza au aliiacha pembeni. Mkiwa wanne, pakiti uliyoifungua inakurudia kwenye chaguo la tano, la tisa na la kumi na tatu, kwa hiyo ni rahisi kuona: kadi iliyozunguka meza mara mbili bila kuguswa imeshatoa ushahidi. Baada ya mchezo usiulize "mmeionaje ile mpya?" Watu wa huku wana adabu, watakusifia. Uliza: "Kwenye deki yako, ipi ulitamani isiwepo?"

Kadi za rangi mbili sitazisemea sana. Zinavutia kuliko zote kwenye picha, lakini anayezitaka ni yule tu mwenye rangi zote mbili, na jozi za rangi ziko kumi. Kila jozi iwekee idadi yake mapema, tatu zinatosha kwa kyubu ya 360, na mpya ishindane na hizo tatu.

Kwa toleo moja badilisha kadi chache, kama kumi hivi, na zinazotoka zihifadhi kwenye kisanduku chao, maana zipo zitakazorudi toleo lijalo likileta wenzake. Foili, zile kadi za kung'aa, usiziingize hata ukipewa bure. Unyevu wa ziwa unazipinda, na kadi iliyopinda katikati ya deki kila mtu anajua iko wapi kabla hujaivuta.